Taa, Dirisha na Uso: Historia ya Mwanga katika Picha za Watu

Robert Cornelius wa Philadelphia alikuwa mtengenezaji wa taa. Biashara ya familia yake iliuza taa za mafuta na vinara, na yeye mwenyewe alisifika kwa ufundi wa kung'arisha metali na kuipaka fedha. Ufundi huo ndio uliomwingiza kwenye upigaji picha. Uvumbuzi wa Mfaransa Louis Daguerre ulikuwa umetangazwa Paris Januari 1839, na tarehe 19 Agosti mwaka huohuo namna ya kuufanya ikawekwa hadharani: unachukua bamba la shaba lililopakwa fedha, unaling'arisha mpaka ujione sura, unalifukiza mvuke wa aidini, unalitia kwenye kamera, kisha unaitoa picha kwa mvuke wa zebaki. Bamba lisipong'aa sawasawa, picha haitoki. Kazi hiyo Cornelius aliiweza kuliko wengi.

Mwezi wa Oktoba au Novemba 1839 aliitega kamera nyuma ya duka, akaifunua lenzi, akaenda kutulia mbele yake kwa dakika 10 hadi 15, kisha akarudi kuifunika. Picha hiyo ipo mpaka leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za uso wa mtu. Nywele zimetimka, mikono imekunjwa kifuani, na mwenyewe hayuko katikati ya bamba. Lakini linalonigusa zaidi ni mahali alipoipigia. Mtu aliyezungukwa na taa kutwa nzima ilimbidi atoke nje akalitafute jua.

Hakuwa na njia nyingine. Bamba la Daguerre liliona mwanga wa bluu na urujuani. Kwa nyekundu na manjano lilikuwa karibu kipofu. Taa ya mafuta, kwa upande wake, hutoa mwanga wa manjano na nyekundu kwa wingi na wa bluu kidogo sana. Angewasha taa zote za duka bado bamba lingebaki tupu. Msomaji aishike habari hii ya bamba lisiloona rangi zote, maana itarudi mbele, na itakaporudi itakuwa inahusu nyuso zetu.

Miaka ile ya mwanzo kila mtu alihangaikia kitu kimoja, yaani mwanga wa kutosha. Alexander Wolcott, fundi wa vifaa vya meno wa New York, alitumia vioo. Kamera yake haikuwa na lenzi. Ndani yake kulikuwa na kioo kilichobonyea kama bakuli, kilichokusanya mwanga na kuutupa kwenye bamba dogo. Machi 1840 yeye na mwenzake John Johnson walifungua New York studio inayotajwa kuwa ya kwanza duniani kwa picha za watu. Nje ya dirisha walitega vioo vikubwa vya kulinasa jua na kulirusha ndani, moja kwa moja usoni mwa mteja. Wateja hawakuvumilia. Macho yalitoka machozi, uso ukakunjamana. Basi katikati ya kioo na mteja wakaweka sanduku la vioo lililojaa maji yaliyoyeyushwa mrututu. Maji yale ya bluu yalipunguza joto na ukali wa jua, huku yakiupitisha mwanga wa bluu ambao bamba liliutaka. Naihesabu hii kuwa mbinu ya kwanza ya kweli ya taa za studio, kwa sababu hapo mtu aliwaza habari ya bamba na habari ya aliyekaa kitini kwa wakati mmoja, akatafuta mwanga wa kuwafaa wote wawili.

Haki ya kuitumia kamera ya Wolcott Uingereza ilinunuliwa na Richard Beard, mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Tarehe 23 Machi 1841 alifungua studio juu ya jengo la Royal Polytechnic Institution, mtaa wa Regent, London. Paa lilikuwa la vioo vya bluu. Mteja alipandishwa kwenye kiti kilichoinuliwa kukaribia paa, na kisogo chake kikashikwa kwa chuma ili kichwa kisitikisike. Siku ya mawingu alikaa muda mrefu, siku ya jua muda mfupi. Wakati huohuo Joseph Petzval, profesa wa hisabati mjini Vienna, alikuwa ameshapiga hesabu za lenzi mpya, mwaka 1840, iliyopitisha mwanga zaidi ya mara 10 kuliko lenzi za awali. Lenzi hiyo pamoja na madawa makali zaidi ziliushusha muda wa kukaa hadi chini ya dakika moja.

Mwanga ulipokuwa wa kutosha, wapiga picha wakaanza kuangalia unaanguka vipi. Na mwanga wa paa haukuwa mzuri. Atakaye kujua ubaya wake asimame usiku chini ya balbu ya dari, kioo mkononi. Paji la uso litang'aa, macho yatazama mashimoni, na kivuli cha pua kitashuka mpaka mdomoni. Mtu wa miaka thelathini ataonekana wa hamsini. Kisha asubuhi asimame kando ya dirisha, dirisha likiwa upande mmoja na mbele kidogo. Shavu moja litapata mwanga, la pili litaingia kivulini, na pua itasimama. Kivuli kikiwa kizito mno, mtu mwingine ashike shuka nyeupe upande ule wa giza: mwanga wa dirisha utagonga shuka na kurudi, na kivuli kitalainika bila kufutika. Dirisha, pembe na shuka. Karibu kila kitu kilichobuniwa katika studio za dunia kwa miaka mia na themanini iliyofuata ni namna ya kuyapanga mambo hayo matatu.

Mjini Edinburgh mchoraji David Octavius Hill na kijana fundi Robert Adamson waliyapanga nje kabisa. Walifanya kazi pamoja tangu 1843 hadi Adamson alipofariki Januari 1848. Wao hawakutumia bamba la fedha. Walitumia karatasi, kwa njia ya kalotipu iliyobuniwa na William Henry Fox Talbot, na karatasi ile ilihitaji jua la wazi. Kwa hiyo sebule unazoziona kwenye picha zao si sebule. Ni uani kwao, kilima cha Calton, ambako viti, mapazia na vitabu vilitolewa nje vikapangwa kana kwamba ni ndani. Upande wenye kivuli walitega kioo kilichobonyea kuurudisha mwanga. Waliwapiga wavuvi na wake wa wavuvi wa kijiji cha Newhaven kwa uangalifu uleule waliowapa makasisi na mabwana wakubwa, na uangalifu huo unaonekana: kila uso umepewa umbo lake.

Halafu akaja Nadar. Jina lake halisi lilikuwa Gaspard-Félix Tournachon, mchora katuni wa Paris aliyefungua studio katikati ya miaka ya 1850. Biashara ya picha wakati ule ilikuwa inaelekea kwingine kabisa. Mwenzake André Disdéri alisajili mwaka 1854 namna ya kupiga picha ndogo nyingi kwenye bamba moja, na picha hizo zikauzwa kwa bei nafuu kote Ulaya. Mteja alisimamishwa karibu na nguzo ya bandia na pazia, mwanga ukamwagwa pande zote, akatoka mzima kuanzia viatu hadi kofia, na uso wake mdogo kama punje. Nadar aliziondoa nguzo. Nyuma ya mtu aliacha ukuta mtupu, mwanga akauingiza kutoka juu upande mmoja, upande wa pili akauachia giza. Watu waliokaa mbele yake, mshairi Charles Baudelaire na mwigizaji kijana Sarah Bernhardt miongoni mwao, wanaonekana kama watu waliokatizwa katikati ya wazo.

Mwaka 1860 alihamia jengo kubwa la Boulevard des Capucines, na huko akaanza kulitafuta jambo lililomshinda Cornelius, yaani picha bila jua. Alitumia taa ya umeme iliyolishwa na betri za Bunsen, safu kwa safu, na mwaka 1861 akasajili njia yake. Picha za mwanzo zilimsikitisha. Umeme ule ulikuwa mweupe na mkali, vivuli vyeusi tititi vyenye kingo kama za kisu. Dawa yake akaipata hatua kwa hatua: kioo chenye ukungu mbele ya taa, kisha vitambaa vyeupe vya kurudishia mwanga, kisha vioo vikubwa vya kuupeleka pale penye kivuli. Ni shuka ileile ya dirishani. Baada ya hapo akashuka na betri zake chini ya ardhi, kwenye makaburi ya mifupa ya Paris na mifereji ya maji machafu. Huko picha moja iliweza kuchukua dakika 18, na kwa kuwa hakuna kibarua awezaye kutulia muda huo wote, alivalisha masanamu nguo za kazi akayasimamisha mahali pa watu.

Kwenye kisiwa cha Wight, Julia Margaret Cameron, mama wa watoto wengi aliyezaliwa Calcutta, alipewa kamera mwishoni mwa 1863 akiwa na umri wa miaka 48. Aliligeuza banda la kuku lenye vioo kuwa studio. Wenzake walitafuta mwanga mwingi. Yeye aliupunguza kwa mapazia mpaka ukabaki mkondo mmoja kutoka ubavuni. Mwaka 1867 alikwenda kumpiga mwanasayansi John Herschel, akamtaka kwanza aoshe nywele ili zisimame na kushika mwanga. Katika picha ile kichwa cha mzee kinatokeza gizani, nywele nyeupe zikiwa zimetawanyika na kuwaka, macho yakiwa yamechoka na yakiona mbali. Wakosoaji walilalamika kwamba picha zake hazina makali. Mimi sijaona picha ya karne ile yenye uso ulio hai kuliko huo.

New York, miaka ya 1860 na 1870, William Kurtz alilipa jina jambo ambalo wengine walilifanya bila jina. Aliziuza picha zake kuwa za mtindo wa Rembrandt, mchoraji wa Kiholanzi wa karne ya 17. Mtindo wenyewe ni huu: taa inawekwa juu kuliko kichwa, upande mmoja, takriban nyuzi 45 kutoka mbele ya uso. Kivuli cha pua kinateremka kwa mshazari mpaka kinakutana na kivuli cha shavu, na katikati ya giza hilo, chini ya jicho, panabaki pembetatu ndogo ya mwanga. Mafundi wa studio husema pembetatu hiyo isizidi upana wa jicho wala urefu wa pua. Ukisogeza taa hatua moja kando, pembetatu inapotea na nusu ya uso inazama. Ukiirudisha mbele, kivuli cha pua kinajitenga na shavu, na uso unapata upole. Ukiipandisha katikati, juu ya kamera, kivuli kinakaa chini ya pua, kidogo na chenye umbo la kipepeo. Ndiyo maana fundi akitaka kujua picha ya mwenzake imepigwaje, hutazama kwanza kivuli cha pua, kisha nukta za mwanga ndani ya mboni. Pua inasema taa ilikuwa wapi, mboni inasema zilikuwa ngapi na za ukubwa gani.

Umeme ukaja kuwa biashara mwaka 1877, Henry Van der Weyde, mchoraji mzaliwa wa Uholanzi, alipofungua London studio ya kwanza inayotegemea taa ya umeme, mashine yake ikiendeshwa kwa gesi. Watu wa heshima wakaweza kupigwa picha usiku, wakiwa wamevaa kwa dansa. Kando ya umeme kulikuwa na magnesiamu. Ilianza kutumika mwaka 1864 ikiwa waya unaochomwa, na 1887 Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke wakaitengeneza kuwa unga unaolipuka kwa mara moja. Unga huo uliangaza vyumba vya maskini wa New York mbele ya kamera ya Jacob Riis, na zaidi ya mara moja ukawasha moto usiotakiwa. Balbu za flashi zilifuata mwishoni mwa miaka ya 1920, na 1931 Harold Edgerton wa chuo cha MIT akaanza kuufanya umeme utoe mmweko mfupi usiohitaji kuchoma chochote. Flashi zote za leo, ya simu isipohesabiwa, ni wajukuu wa kazi hiyo.

Sinema ndiyo iliyorudisha ufundi wa kivuli kwa umma. Cecil B. DeMille alisimulia kwamba mwaka 1915, katika filamu yake The Warrens of Virginia, aliazima taa za jukwaa la tamthilia akaangaza nusu tu ya uso wa mwigizaji, na wauzaji wakalalamika kwamba nusu ya uso haionekani. Jibu lake lilikuwa kwamba huo ni mwanga wa Rembrandt. Wakatulia. Miaka ya 1930 George Hurrell aliwapiga nyota wa Hollywood kwa taa iliyoning'inizwa kwenye mkono mrefu juu ya vichwa vyao, na Marlene Dietrich, chini ya mwongozaji Josef von Sternberg, akaujua mwanga wa kipepeo kiasi cha kuweza kuuelekeza mwenyewe.

Ufundi huohuo aliufikisha kwa watawala Yousuf Karsh, Muarmenia aliyezaliwa Mardin, aliyekimbilia Kanada akiwa kijana na kujifunza matumizi ya taa katika ukumbi mdogo wa tamthilia mjini Ottawa. Tarehe 30 Desemba 1941 Winston Churchill alihutubia Bunge la Kanada. Karsh alikuwa ameshatega taa zake usiku wa kuamkia siku hiyo katika chumba cha Spika, bila Churchill kujua. Alipewa dakika chache. Churchill akawasha sigara kubwa. Karsh akasogea, akaomba radhi, akaichomoa mdomoni, akarudi kwenye kamera akabonyeza wakati Churchill amekasirika. Watu hukumbuka sigara. Ilinganishwe na kazi ya usiku uliotangulia: bila taa kuwa tayari, hasira ile ingepita bila kushikwa na mtu.

Pwani yetu haikusubiri Hollywood. Katika theluthi ya mwisho ya karne ya 19 Zanzibar ilikuwa na studio, na iliyojulikana zaidi ilikuwa ya A. C. Gomes, mpiga picha mwenye asili ya Goa. Vitabu vya ufundi vilivyofika na vifaa vilikuwa vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya, na shauri lao kubwa lilikuwa kulielekeza dirisha la studio kaskazini, kwa sababu huko jua la mchana halipigi kutoka kaskazini hata siku moja, na mwanga wa anga hubaki tulivu karibu kutwa. Zanzibar iko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, na sehemu iliyobaki liko kusini. Dirisha la vitabuni huku halina maana. Adhuhuri nayo ni ile balbu ya dari: jua liko utosini na macho yako mashimoni. Mwanga mzuri wa Mji Mkongwe uko kwingine. Uko barazani na kwenye vichochoro, pale jua linapogonga ukuta wa chokaa wa ng'ambo na kurudi likiwa pana na laini. Aliyewahi kukaa barazani saa nne asubuhi anaujua, hata kama hajawahi kushika kamera.

Na hapo ndipo linaporudi lile bamba lisiloona rangi zote. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko ngozi nyeupe, na mwingi wa huo inaourudisha ni wa upande wa nyekundu na manjano, upande uleule ambao mabamba ya karne ya 19 hayakuuona. Mweke basi mzee wa Kizanzibari mbele ya kamera, amevaa kanzu nyeupe. Fundi akilipa bamba muda unaoifaa kanzu, uso unazama. Akilipa muda unaoufaa uso, kanzu inayeyuka kuwa doa jeupe. Hermann Wilhelm Vogel, mwanakemia wa Berlin, aligundua mwaka 1873 kwamba rangi fulani zikitiwa kwenye bamba hulifanya lione zaidi ya bluu, lakini filamu zenye kuona rangi zote hazikuwa za kawaida mpaka karne iliyofuata.

Hata hivyo tusikubali kwamba kosa lote lilikuwa la bamba. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa Marekani akawa msemaji mkuu wa kuupinga, alipigwa picha nyingi kuliko Mmarekani yeyote wa karne ile. Zinazojulikana ni takriban 160. Alifanya hivyo kwa makusudi, maana aliamini kamera inaweza kuonyesha utu ambao vikaragosi vya magazetini vilimnyima, na alitoa mihadhara juu ya jambo hilo. Tazama picha zake. Paji la uso, mikunjo kati ya nyusi, ukingo wa taya, vyote vipo, kwa mabamba yaleyale yaliyokuwa vipofu. Wapiga picha wake walimgeuza kuelekea dirishani mpaka ngozi ikang'aa. Uso mweusi huchorwa na mng'ao kuliko unavyochorwa na kivuli: kitu kipana chenye mwanga, iwe dirisha, ukuta au wingu, kinajiakisi juu ya ngozi, na mng'ao huo ndio unaoonyesha mfupa ulipo. Anayejua hili hahitaji taa kali zaidi. Anahitaji taa pana zaidi, iliyokaa ubavuni.

Karne ya 20 ililisahau, na ilisahau kwa kiwango cha kiwanda. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilizigawia maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke Mzungu. Ikaitwa kadi ya Shirley. Fundi alipanga mashine yake mpaka ngozi ya Shirley ikatoka sawa, na rangi za watu wengine zikafuata popote zilipoangukia. Mtafiti Lorna Roth wa Montreal, aliyezungumza na watu wa kampuni hiyo, alikuta kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia katika filamu ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao hawakuridhika na picha za matangazo yao. Wazazi wenye watoto weusi katika picha za shule walikuwa wamekaa na picha zisizo na nyuso kwa miaka. Mimi hili siwezi kulisoma bila uchungu.

Afrika Kusini suala hili la mwanga na ngozi nyeusi lilitumika kwa ubaya zaidi. Kamera ya Polaroid aina ya ID-2 iliyopiga picha za vitambulisho ilikuwa na kitufe cha kuongeza flashi kwa asilimia 42, na vitambulisho vya Polaroid ndivyo vilivyoingia katika pasi ambazo serikali ya ubaguzi iliwalazimisha Waafrika kutembea nazo. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo nchini Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua biashara hiyo na kuanzisha kampeni ya kuipinga. Kampuni iliondoka Afrika Kusini mwaka 1977. Mwanga wa ziada kwa ngozi nyeusi ulikuwa unawezekana basi. Ulitengenezwa kwa ajili ya pasi kabla ya kufikiriwa kwa ajili ya arusi.

Bamako palikuwa na mtu aliyelipata jibu miaka mingi kabla. Seydou Keïta alifungua studio yake 1948, nyumbani kwao, na mara nyingi alifanyia kazi uani kwa mwanga wa mchana. Kamera yake ilikuwa kubwa, ya miguu mitatu, yenye negativu za sentimita 13 kwa 18, na kwa kuwa kila negativu ilikuwa ghali, kila mteja alipigwa mara moja tu. Nyuma alitundika kitambaa. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Wateja waliazimwa saa, redio, kalamu, hata pikipiki. Katika picha zake mwanamke amekaa na gauni la maua mbele ya kitambaa cha maua, na ungetarajia uso umezwe na fujo hiyo. Haumezwi. Keïta amemgeuza kidogo kando, kidevu kimeinuliwa, anga lote wazi la uani limekuwa dirisha moja kubwa, na mng'ao unateremka taratibu kutoka paji la uso hadi shavuni, mpaka mashimo ya ndui, tojo na hina mikononi vinahesabika. Hakuna taa hata moja. Picha hizo zilipoonyeshwa New York mwaka 1991 na Paris 1994, watu walidhani ni ugunduzi mpya. Bamako walikuwa nazo ukutani.

Zanzibar nayo ina hazina yake. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa wapiga picha wa kivuko cha Likoni walitundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege, wakawapiga wasafiri papo hapo, nje, jua likiwa ndiyo taa yao.

Filamu imekwisha nguvu na simu zimeshika nafasi yake. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikitangaza programu iliyorekebishwa ili ipime vizuri ngozi za rangi zote, jambo jema lililochelewa. Lakini simu nyingi, kama kipimo cha mwanga cha zamani, bado huchukua kilicho mbele yake zikakadiria kwamba kwa wastani ni kijivu. Kanzu, shela na ukuta mweupe huidanganya mashine: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unalipia. Dawa yake haihitaji fedha. Gusa uso kwenye kioo cha simu, usiguse nguo. Mtoe mtu kwenye jua la mchana umlete barazani, ageukie upande wenye uwazi. Mwenye studio ya taa mbili na miavuli aisogeze moja mpaka iwe ubavuni, aishushe karibu, ya pili aipunguze.

Na wewe unayekwenda studio kupiga picha ya pasipoti, ya mahafali au ya arusi, una haki ya kudai. Ukipewa picha ambayo shela inaonekana na uso hauonekani, usiipokee wala usikubali kuambiwa kwamba ndivyo ngozi yako ilivyo. Irudishe, kaa tena kitini, na mwambie fundi aisogeze taa.